Mabeseni Yaliyojaa Chooni kwa Shirima

Wanangu mnaoanza uuguzi, nasikia siku hizi mnaingia kazini na vishikwambi, mgonjwa akisema "tumbo" tu, tayari mmeshabonyeza dawa. Haya. Mimi nimestaafu, sina wivu. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye zahanati moja pale Kariakoo, na kazi niliyokuja kuijua kuliko zote ni ile ambayo wenzangu waliikimbia: watu wazima wanaotokwa na haja kubwa bila kutaka. Ndiyo, mavi. Nalitaja mapema ili mtakaocheka mcheke sasa, mmalize, tuendelee.

Mkidhani ni ugonjwa wa vikongwe, mmekosea. Nimewahudumia kina mama waliochanika wakati wa kujifungua wakashonwa haraka haraka, wenye kisukari cha miaka mingi, dereva wa lori aliyeumia mgongo, na mwalimu wa kwaya mwenye sauti ambayo ungelia ukiisikia. Wote hawasemi. Mgonjwa wa namna hii atakwambia anaumwa kichwa, anaumwa goti, hata jino atakuonyesha. Sasa wewe na kishikwambi chako unamwandikia dawa ya goti, anakushukuru, anaondoka na shida yake vilevile alivyokuja nayo.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kuficha uso. Nilisimama mlangoni nikaita kwa sauti: yule mama ambaye choo kinamtoka chenyewe, aingie. Benchi zima likageuka. Mama hakuingia. Wala hakuondoka, maana kuondoka ni kujitaja. Alikaa pale kama mtu anayemsubiri nduguye mpaka tulipofunga, na hatukumwona tena. Mkuu wangu, Sista Redempta, mwanamke mrefu wa Bukoba asiyependa maneno mengi, hakunigombeza. Kesho yake alinivua koti la kazi, akanikalisha kwenye benchi katikati ya wagonjwa saa nzima, nisikie mwenyewe majina na magonjwa yanavyoitwa. Nilisikia. Baada ya hapo nikajifunza kumwingiza mtu ndani, kufunga mlango, na kumuuliza swali dogo tu: "Ukibanwa, huwa unawahi?" Hilo watu wanalijibu. Wengine wanalijibu kwa machozi.

Sasa niwasimulie habari za Shirima. Siyo jina lake, na wengine nao nimewabadilisha majina, ila kina Shirima Kariakoo ni wengi, mtamtafuta mpaka mchoke. Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, kwa sharti nisitaje mtaa.

Shirima ni Mchagga wa Rombo, anauza vyombo vya plastiki kwa jumla: mabeseni, ndoo, majagi. Mnajua fremu za maduka Kariakoo zilivyo, mtu anagombania hata upenyo wa kupitisha mkono. Fremu ya Shirima ilikuwa na bahati moja kubwa, ilikuwa na choo chake huko nyuma. Mimi Mzaramo wa Magomeni, kwetu choo ni choo. Shirima alikitazama choo kile akaona stoo. Akapanga mabeseni humo mpaka darini, mlango ukawa haufungi, na tangu siku hiyo akawa anabanwa asubuhi anajizuia mpaka jioni arudi kwake Ilala. Miaka minane. Na siyo yeye peke yake, watani zangu wale. Kuna mtaa mzima pale ambao vyoo vyake vimejaa bidhaa na wenye maduka wamejaa kitu kingine.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza alisema anaharisha. Kidogo kidogo, siku nzima, mara nyingine hata hajui, anashtukia tu. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, saa mkononi, mtu mzima wa heshima zake. Niliona haya kumwambia avue suruali. Nisikilizeni vizuri hapa: nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini, siyo mgeni, na niliona haya. Nikampa vidonge vya kufunga tumbo. Baada ya wiki mbili akarudi, hali mbaya zaidi. Nikampa tena, nikamwongezea. Jiulizeni wenyewe kama ningemfanyia hivyo mtu ambaye shati lake halikupigwa pasi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, na chanzo ni mimi.

Jirani na duka lake kuna msikiti wenye vyoo safi, maji yanatoka, milango inafungwa. Shirima akawa anakwenda huko. Mara tatu kwa siku, mara tano, mara sita. Anatoka dukani mbio, viatu anavivua akiwa bado barabarani, anapotelea ndani. Adhana ikimkuta chooni anabaki humo humo mpaka watu wamalize kusali, kisha anatoka nao, anapeana nao mikono. Duka la pili lilikuwa la Bwana Nassor, mzee wa Kiarabu, familia yake iko Kariakoo tangu enzi za babu yake, muuza mashuka. Bwana Nassor akamwona jirani yake Mlutheri anavyokimbilia nyumba ya Mungu, moyo ukamjaa. Hakuuliza kitu, maana mambo ya imani hayaulizwi. Ijumaa moja akamletea kanzu nyeupe na boksi la tende.

Shirima alikuwa na nafasi ya kusema kweli siku ile. Badala yake alishukuru, akaulizia kama kuna kanzu ya rangi nyeusi kidogo. Bwana Nassor akaona huo ni unyenyekevu wa ajabu, akamletea ya kahawia. Na Shirima alipoivaa akagundua kwamba chini ya kanzu mtu anaweza kuvaa pampasi ya wazee na asijulikane kabisa. Kuanzia hapo suruali akaiweka kabatini.

Angalieni jinsi balaa linavyojipanga. Bia inamfungulia tumbo, akaacha bia. Nyama ya mafuta inamsumbua, akaacha kitimoto, nyama ya nguruwe, Mchagga mzima, akawa anapita pale wanapochoma anageuza uso. Kila aendako ana chupa ya maji ya kujisafishia. Desemba ikafika, Wachagga wote wanapanda kwenda kwao, yeye akasema ana kazi, kwa sababu basi la kutwa nzima halisimami kila mtu anapotaka. Halafu mtu mmoja akampiga picha akitoka msikitini, viatu mkononi, kanzu, maji usoni, na macho yametulia kabisa. Picha ikaingia kwenye grupu la ukoo. Ndugu zake wakasema huo ni uso wa mtu aliyeiona nuru. Mimi nilionyeshwa baadaye ile picha. Ule uso naujua. Ni uso wa mtu aliyewahi.

Shirima akarudi kwangu mara ya tatu. Sasa alitaka vidonge vikali kuliko vyote tulivyonavyo, kwa sababu binti yake Glory alikuwa anaolewa baada ya wiki sita, na baba ndiye wa kumpeleka madhabahuni. Alikuwa ameshakwenda kanisani peke yake siku ya kazi, akatembea kutoka mlangoni mpaka mbele kwa mwendo wa bibi harusi, huku anatazama saa.

"Dakika nne, Sista," akaniambia. "Mimi sina dakika nne."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Nyuma ya pazia Sista Redempta alikuwa anakunja mashuka, akatoka. Akaniuliza nimempima mara ngapi huyu mgonjwa. Nikasema nimemwangalia. Akaniuliza nimemwangalia na nini. Akachukua boksi la glovu akaniwekea mkononi.

Basi hiyo ndiyo kazi yenyewe, jifunzeni. Unamweleza mgonjwa utakachofanya na kwa nini, mpaka akubali. Alale ubavu wa kushoto, magoti ayakunje, umfunike shuka pasipohitajika kuonekana. Glovu, mafuta ya kulainisha, kidole kimoja, polepole. Ukimwambia akaze, utasikia kama misuli ina nguvu. Na ukikutana na kitu, utakijua. Mimi nilikutana na jiwe. Mtu niliyempa dawa ya kufunga tumbo mara mbili alikuwa amefunga choo cha siku sijui ngapi, kigumu, kimejazana, na kilichokuwa kinamtoka ni majimaji tu yanayopenya pembeni. Kila kidonge changu kilikuwa kinaongeza kufuli. Nilitaka ardhi inimeze.

Sista Redempta alimsubiri avae, akamuuliza dukani kwake choo kiko wapi. Shirima akajibu kwamba kipo, ila kina mabeseni. Redempta akarudia neno mabeseni taratibu, akatoka nje. Nilimsikia anacheka kule kwenye korido, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia.

Kumtibu hakukuwa na miujiza. Daktari aliandika, mimi nikamwekea dawa ya kusafisha kwa njia ya haja kubwa, siku mbili, na sitawaelezea zaidi ya kusema ndoo alituletea mwenyewe kutoka dukani. Vile vidonge vya kufunga tukavitupa. Akapewa dawa ya unga ya kulainisha choo, akaambiwa anywe maji, ale papai na mboga, maharage aanze kidogo kidogo. Kila siku baada ya chai ya asubuhi aende chooni akae, abanwe asibanwe, bila haraka, maana tumbo likishapata chai huwa linaamka lenyewe. Zamani sisi tulikuwa tunachanganya maji na sabuni, tukimaliza tunamwambia mtu pole nenda, tunashangaa akirudi. Siku hizi mna dawa nzuri, lakini ratiba ya choo haiuzwi famasi.

Mnajua alichobishia? Siyo kidole, siyo bomba. Alibishia kuhamisha mabeseni. Kwamba atayaweka wapi, kwamba ni msimu wa wateja wa mikoani. Nilimwambia achague, mabeseni yatoke chooni au mavi yabaki tumboni mwake. Akayahamisha.

Halafu yale mazoezi. Ni hivi: kaza kama unayezuia upepo usikutoke mbele ya wakwe. Hesabu tano, legeza, pumzika. Mara kumi, na urudie mara tatu kwa siku, wiki nyingi siyo siku mbili. Tumbo lisikaze, mapaja yasikaze, makalio yasiinuke. Shirima akawa anafanya akiwa kaunta. Shida ni kwamba akikaza kule chini, uso nao unakaza, na mteja aliyekuwa anapunguziwa bei anadhani amemkasirisha mzee. Mama mmoja wa Magomeni alinihadithia kuna duka Kariakoo mwenye nalo anakukodolea macho sekunde tano bila kupumua. Nilimwita Shirima nikamwambia uso haumo kwenye zoezi.

Lakini msije mkaona kila anayevuja ni Shirima. Ukiona damu kwenye choo, mtu anakonda bila sababu, au haja imebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari mkubwa. Na akikwambia amekufa ganzi huko katikati ya mapaja, au miguu imelegea, usimpe zoezi wala papai, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya tatu ya matibabu, Shirima akiwa ameanza kunenepa, mkewe akaja zahanati. Mama Glory, mwanamke mnene mpole, kitambaa kichwani. Alikuwa ameokota kadi yetu mfukoni mwa ile kanzu. Hakuuliza mumewe anaumwa nini. Yeye alishaamini kwamba mume amesilimu ili aoe mke wa pili, na alichotaka kujua ni kama anakuja kwetu kuchukua dawa za nguvu. Akaniomba nimwambie tu kama huyo mwanamke ni Mwarabu.

Wanangu, siri ya mgonjwa siyo yenu. Nilitamani kumwambia. Niliishia kumwambia akamuulize mwenyewe. Alisema ameshamuuliza mara saba na anajibiwa kwamba ni mambo binafsi. Akalia pale kwenye kiti changu, akasema Jumapili kaka mkubwa wa mumewe, Mzee Anaeli, anashuka kutoka Rombo na kuna kikao cha ukoo. Ikithibitika amesilimu, Mzee Anaeli ndiye atakayempeleka Glory madhabahuni, na yeye Mama Glory atarudi kwao.

Nilimwita Shirima siku hiyohiyo, nikamwambia aseme. Alikataa. Alisema afadhali aonekane amebadili dini, hilo lina heshima, watu wamebadili dini tangu zamani na wakazikwa vizuri. Mwishowe akaniomba niende kwenye kikao, nikae mahali anaponiona. Akasema akishindwa, atatamka mbele yao kwamba amesilimu na yaishe. Nikamuuliza, na Glory? Akafuta saa yake kwa kidole.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Ilala. Wazee saba sebuleni, soda, sufuria la mtori wa ndizi, Mzee Anaeli kwenye kiti kikubwa. Mimi nikatambulishwa kuwa ni muuguzi, na hakuna aliyeuliza muuguzi anatafuta nini kwenye kesi ya dini. Mzee Anaeli akasoma mashtaka kwenye karatasi: msikiti, kanzu, bia, kitimoto, chupa ya maji, Desemba. Kila akifika kwenye moja anapiga meza, na soda zinaruka. Bwana Nassor alikuwa ameitwa shahidi. Wakamtaka aseme kweli mbele za Mungu kama amewahi kumwona huyu akisali. Mzee wa watu akafikiri, akasema kusali hajamwona, isipokuwa humwona akija mbio na akiondoka taratibu.

Mzee Anaeli akageuka, akamuuliza ndugu yake kwa mara ya mwisho, umesilimu au hukusilimu.

Shirima akasimama. Akanitazama. Nikasema moyoni sasa huyu anasilimu kweli, na kosa ni la vidonge vyangu.

"Sijasilimu, kaka," akasema. "Nilikuwa najichafua. Mwaka mzima choo kinanitoka kama mtoto mdogo, siwezi kukizuia. Msikitini kuna maji, na milango inafungwa."

Mama Glory ndiye aliyeongea kwanza, akiwa bado mlangoni na bakuli za mtori mikononi.

"Wiki tatu nimefunga na kuomba Mungu akurudishe kanisani," akamwambia. "Kumbe ningemwomba akufikishe chooni."

Mzee mmoja akapaliwa na soda, mwingine akacheka, na ndani ya dakika moja sebule nzima ilikuwa inajifuta machozi. Mama Glory hakucheka. Aliweka bakuli chini, akavuta kiti akakaa karibu kabisa na mumewe, akamuuliza kwa nini hakumwambia. Shirima akajibu kwamba aliogopa hatakaa tena karibu yake hivi. Nililia, sioni aibu kusema, nililia kuliko mwenye mume wake. Kisha nikasimama nikawaeleza nilichoruhusiwa kueleza: kwamba ni ugonjwa, unatibika, na ulizidi kwa sababu mimi nilitoa dawa kabla ya kupima. Bwana Nassor akasema kanzu abaki nayo. Alikuja kuniambia baadaye kwamba alisikitika kidogo, maana alishamchagulia na jina.

Kikao kikaamua Glory atapelekwa na baba yake. Na alimpeleka. Mimi nilikaa kiti cha kando ya njia, na walivyotembea polepole siyo dakika nne, zilifika tano. Mama Glory alikuwa amemwambia mpiga kinanda asiwe na haraka, na Shirima alitembea mkavu, suti ya kijivu, anatabasamu mwenyewe.

Lakini siku ile ya kikao, watu walipoanza kula, niliaga. Mzee Anaeli akasema atanisindikiza. Tulifika nje, bajaji ikasimama, naye akaishika nguzo ya bajaji kama anayezuia isiondoke. Huyu ndiye aliyekuwa anapiga meza. Alitazama huku, akatazama kule, akahakikisha mlango wa sebule umefungwa.

"Sista," akaniambia kwa sauti ndogo, "na mtu ambaye kwao hakuna msikiti karibu, mnamtibu?"

Nikamuuliza imeanza lini. Akasema miaka sita, marehemu mkewe alikufa hajui. Nikamwambia dereva wa bajaji aende zake, tukarudi tukakaa kwenye ngazi, na mzee akaanza kunieleza.